Dume Asiyekodishwa

Mzee Hiribae Bule anaishi nyuma ya nyumba yangu hapa Garsen, upande wa njia ya kwenda mtoni. Kati yetu kuna ua wa matawi ya mathenge, ule mti wa miiba, na ua wenyewe umechakaa, kwa hiyo mambo yake mengi nayajua bila kuuliza. Najua kwamba huamka kabla ya adhana. Najua kwamba siku hizi hunywa chai kavu. Na najua kwamba kiumbe wa kwanza kumsemesha kila asubuhi si binadamu, ni punda.

Punda huyo anaitwa Meja. Ni dume wa rangi ya kijivu, mrefu kuliko punda wengi wa mji huu, mwenye mstari mweusi unaoshuka mabegani. Jina alipewa na vijana wa mikokoteni kwa sababu ya mwendo wake: kichwa juu, hatua za polepole, kama afisa anayekagua gwaride. Madume wengine wa hapa wamehasiwa karibu wote, maana dume mzima akimnusa jike barabarani husahau kwamba anavuta maji ya watu. Meja hakuhasiwa wala havuti mkokoteni. Kazi yake ni moja, na kwa kazi hiyo wanawake wa Garsen, Minjila na hata Ngao wanamjua mzee Hiribae kuliko wanavyomjua diwani.

Nami ni mmoja wao. Nina punda jike, Subira, na binti yangu Sumayya humtumia kuchota maji kwenye kioski na kuyauza majumbani. Sumayya husema mimi ni mtu wa wasiwasi, nikiona wingu tu naanza kuhamisha magodoro. Ni kweli. Lakini mwaka ule wa mafuriko magodoro yaliyosalimika mtaa huu yalikuwa ya nani?

Mzee Hiribae hakuzaliwa mtu wa punda. Ni Muorma, na kwao mali ni ng'ombe. Amekulia nyuma ya mifugo ya baba yake, mvua ikinyesha wako juu nyikani, kiangazi kikiingia wanashuka delta, upande wa Chara na Kau, ambako majani humfika ng'ombe tumboni. Punda katika boma lao walikuwa wa kubeba nyumba wakati wa kuhama: fito, mikeka, vibuyu, na watoto wadogo juu ya mikeka. Waliowafunga mizigo walikuwa wanawake. Mwanamume kushika kamba ya punda ilikuwa kama mwanamume kushika mwiko.

Hii ndiyo sababu wazee wenzake, wakipita hapa kwenda mskitini, humchokoza mpaka leo.

"Hiribae, umeolewa lini?" Mzee Gunga humwuliza. "Mbona hatukuitwa karamuni?"

"Mahari yangu ilikuwa kubwa, ukashindwa kuchanga," humjibu, huku akiendelea kumpangusa Meja macho.

Ng'ombe wake waliisha katika ukame ule mrefu. Hasimulii sana. Aliniambia mara moja kwamba mwishoni alikuwa akiwainua kila asubuhi, yeye mbele na mkwewe nyuma, mpaka ikafika asubuhi ambayo hapakuwa na wa kuinua. Mkewe, Bishara, alikuwa ameshafariki kabla ya hapo, na mtoto wao aliyebaki, Hawo, ameolewa Hola. Mzee akaja Garsen na punda tu. Majike kadhaa, na Meja, ambaye wakati huo alikuwa kijana asiye na jina.

Majike aliwaazima jamaa zake wa damu wabebe mkaa. Punda hao hawakurudi. Tuliwakuta katika kichaka cha mathenge ng'ambo ya barabara kuu, nyama imeachwa palepale na ngozi zimekwenda. Wakati ule watu wa ngozi, wanaoiba punda ili wauze ngozi zao, walikuwa wakipita kila mahali, na punda akifungwa nje asubuhi unakuta kamba tu. Mzee Hiribae alikata matawi akawafunika, kisha akarudi nyumbani akamfunga Meja katikati ya ua, kwenye nguzo anayoweza kuiona akiwa kitandani. Tangu siku hiyo Meja hakutoka bila yeye, na hakulala kwingine. Jamaa walisema wao pia waliibiwa. Huenda. Mzee hakuwauliza tena.

Basi punda wakawa wachache, madume wazima wakawa wachache zaidi, na hivyo ndivyo wanawake walivyoanza kuja. Ukimwona jike wako anatafunatafuna mdomo mtupu, masikio ameyalaza nyuma, unajua kwamba anataka dume. Unamleta kwa mzee. Mzee anamfunga kwenye ule mti mfupi wa pembeni, anamwacha Meja amzunguke kwanza, na kwetu sisi anasema:

"Geukeni."

Ndiyo desturi yake. Wanawake tunageuka, tunatazama barabara, tunazungumza habari za bei ya unga, mpaka aseme tayari.

"Mzee, sisi tumezaa, tuna haya ya nini?" Mwanatumu, yule muuza ndizi, alimwambia siku moja.

"Nyinyi hamna. Meja anayo."

Na hatozi kitu. Hili ndilo watu wasilolielewa. Mtume alikataza kuchukua ujira wa dume kumpanda jike. Imamu analisema, na baba wa mzee Hiribae alilisema kabla ya imamu. Dume huazimwa, hakodishwi. Ukija baadaye kwa hiari yako, bila kuombwa, ukaleta kikombe cha sukari, hiyo ni zawadi na anaipokea. Lakini punda hubeba mimba mwaka mzima na zaidi, na ndani ya mwaka mtu husahau mengi. Watoto wa Meja wamejaa mji huu, wana mstari mweusi mabegani wote, na sukari niliyoiona ikipita mlango ule haijazi kopo.

Haikumsumbua kwa sababu alikuwa na miguu. Alfajiri alikwenda kando ya mto na panga lake, akarudi na tita la majani kichwani. Msimu wa mavuno ya mpunga aliomba mabua kwa wakulima. Kisha mwaka huu akakanyaga mwiba wa mathenge. Alidhani ni jambo dogo, akautoa kwa sindano mwenyewe, na siku zikapita mguu ukavimba ukawa kama gogo. Tulimpeleka hospitali ya Ngao, wakamtibu, wakauokoa mguu. Alirudi na fimbo. Akisimama muda kidogo, jasho linamtoka. Kuinama na panga, hawezi.

Ndipo nilipoanza kuona mbavu za Meja.

Mvua ilichelewa. Majani ya karibu na mji yalikwisha. Sumayya alikuwa akipata fungu anamrushia, lakini Subira naye ana tumbo, na kazi ya maji haimwachii binti yangu nafasi. Mzee alinunua pumba kwa kile anachotumiwa na Hawo, yaani Meja alikula kwanza, halafu yeye. Hawo alipiga simu, nikamsikia mzee akijibu kwa sauti ya juu kama wazee wanavyopiga simu.

"Nimesikia, Hawo. Nimuuze nije Hola. Nije nikae kwenye kiti mlangoni kwa mumeo, nihesabu magari. Nimesikia, mama."

Wiki hiyo hiyo akaja mtu na pikapu. Si mtu wa hapa. Shati safi, Kiswahili kizuri, salamu ndefu. Alisema anatafuta punda wa kazi wa kupeleka bara, na amesikia kwamba mzee ana mnyama mkubwa na hana uwezo wa kumlisha. Mimi nilikuwa nikianika nguo. Nilimtazama. Mtu anayenunua punda wa kuvuta mzigo huinua mguu, hutazama kwato, hufungua mdomo aone meno. Huyu hakushika mguu wala mdomo. Alipitisha kiganja ubavuni, akaivuta ngozi kwa vidole viwili, akaiachia, akaivuta tena mahali pengine, kama mimi ninavyofanya na kitambaa dukani.

"Fikiri, mzee," alisema. "Jumanne nitapita nikitoka Witu. Nitakuja na kamba yangu."

Mzee hakusema ndiyo wala hapana. Alisema, "Inshallah," na kwa mtu wa pikapu hilo lilitosha.

Siku mbili tatu kabla ya Jumanne hiyo akatokea Karisa.

Karisa ni Mgiriama, anakaa upande wa Minjila, anabeba mchanga na maji kwa mikokoteni. Watu wengi wanamjua kwa mdomo wake mkubwa. Alikuja asubuhi, amevaa shati la kanisani, mkono mmoja kamba ya punda jike, mkono mwingine kamba ya mbuzi mweupe aliyenona. Mimi na Mwanatumu tulikuwa uani kwa mzee, tumemletea uji.

"Mzee wangu, hodi. Jike wangu amekuwa mwendawazimu tangu jana. Nimekuja kumwomba Meja."

"Karibu. Mfunge pale."

"Na huyu mbuzi ni wako."

Mzee alimtazama mbuzi. "Mrudishe."

"Ana kasoro?"

"Hana."

"Ni mdogo? Sema tu, mzee, nyumbani kuna mkubwa."

"Mbuzi ni mzuri. Mrudishe, jike mwache."

Karisa akacheka akidhani ni adabu ya kukataa mara ya kwanza. Akaenda kumfunga mbuzi kwenye nguzo ya Meja. Mzee akainuka kwa fimbo, akaifungua ile kamba kwa mkono wake, akamrudishia.

"Dume wangu hakodishwi, Karisa."

"Nani amesema kukodi? Nimekuja na heshima. Babangu alipandishiwa mbuzi bure na jirani, wakacheka, wakanywa. Miaka ikapita, zizi limejaa, jirani akaja na wanawe: wale ni watoto wa beberu wetu, tunataka nusu. Kesi ilikwenda kwa chifu mpaka babangu akauza shamba la korosho. Mimi sichukui dume la mtu bure. Nikilipa leo, mtoto wa punda ni wangu na hakuna wa kuja kunidai."

"Mimi sitakudai."

"Wewe hutanidai. Utakufa, mzee, samahani, sote tutakufa. Hawo atasema nini? Na mume wa Hawo?"

"Ukileta mbuzi kabla, huo ni ujira. Siwezi."

"Kwa hiyo mbuzi wangu ni haramu."

"Sikusema hivyo."

"Umesema." Sauti ilikuwa imepanda, na watu barabarani walianza kupunguza mwendo. "Punda wa Karisa anaingia, mbuzi wa Karisa haingii. Au ni kwa sababu ni mbuzi wa Mgiriama?"

Mwanatumu akasonya. Maneno ya kabila hapa kwetu hayachezewi. Tumeona yanavyoanza kwa mtu mmoja na mifugo yake na yanavyoishia kwa vijiji. Nikasema, "Baba, taratibu, mzee mguu unamwuma."

"Na mimi naumwa, Mama Sumayya. Hapa." Akajigonga kifua. Akawashika wanyama wake wote wawili akaondoka. Yule jike alikuwa hataki, anageuza shingo kumtafuta Meja, na Meja alilia mpaka paa la bati likavuma. Joto la jike halingoji wanaume wapatane. Sote tulijua kwamba limebaki siku chache tu.

Jioni nilimpelekea mzee chai. Sikukusudia kusema kitu. Lakini mimi nikinyamaza silali.

"Jumanne utamuuza?"

"Hajafika huyo mtu."

"Akifika?"

"Mnyama akifa njaa mkononi mwangu, nitaulizwa hilo pia, Mama Sumayya."

"Hakutazama kwato."

Mzee aligeuza kikombe mkononi. "Nilimwona," alisema.

Basi alikuwa anajua. Hilo lilinikasirisha kuliko kama angekuwa hajui. Nikamwuliza, mbuzi wa Karisa ni haramu, na ngozi ya Meja je? Akaweka kikombe chini. Nikaona nimevuka mpaka, nikabadilisha maneno, nikamwuliza jambo la zamani, ambalo wazee hupenda kuulizwa. Ng'ombe je? Mtu asiye na fahali alifanyaje?

"Aliazima. Ulikwenda kwa mwenye fahali, ukamchukua, akakaa bomani kwako mpaka kazi iishe. Alikula majani yako, alikunywa maji uliyochota wewe. Mwenye fahali hakulipwa, na hakulisha fahali anayefanya kazi ya wengine." Alisema hivyo haraka, kama mtu anayesoma kitu anachokijua kwa moyo, kisha akasita.

Nami nikatazama uani. Meja alikuwa akilamba ndoo tupu.

"Sisi tunaleta majike hapa," nikasema.

"Mnaleta hapa kwa sababu Meja haendi mahali."

"Najua."

"Wale wengine walikwenda kwa ndugu. Ndugu, Mama Sumayya. Wa damu."

Sumayya, aliyekuwa amekuja kuchukua kikombe, ndiye aliyesema, na vijana husema kitu kama wanavyotupa jiwe. "Karisa si ndugu, mzee. Lakini wakati wa mafuriko punda wake alipotumbukia mtaroni, alisimama kwenye maji na kichwa cha punda begani mpaka watu wakaja na kamba. Tulikuwa tunamcheka."

"Nilikuwepo," alisema mzee. "Alikuwa akimwimbia."

Tukachukua kikombe, tukaondoka.

Jumanne asubuhi nilimwona amevaa kikoi kipya na kofia. Nikadhani amejitayarisha kwa ajili ya mtu wa pikapu. Lakini alikuwa ameshamfungua Meja.

"Sumayya yuko?" aliita. "Nipeni mtu wa kushika kamba, mimi nishike fimbo."

Sumayya akashika kamba. Na mimi nikafunga mlango nikafuata, kwa sababu ile ni barabara ya malori ya Lamu, na mzee mwenye mguu mgonjwa na punda mzima na msichana, hao si watu wa kuachiwa barabara peke yao. Nilitembea upande wa magari, na kila mzee alipochoka tulimkalisha kivulini. Vijana wa boda walipiga honi.

"Meja amehamishwa kituo!" mmoja alipaza sauti.

"Amepandishwa cheo," Sumayya akamjibu.

Karisa alikuwa anafunga gurudumu la mkokoteni. Alituona tangu mbali, lakini aliendelea na gurudumu mpaka tulipofika mlangoni, na hata hapo hakuinua kichwa.

"Hodi," alisema mzee.

"Karibu."

"Nimekuletea mgeni."

"Namwona. Nilisema sichukui cha bure."

"Si bure. Atakaa kwako mpaka jike aanze kumkataa. Atakula majani yako. Anakula sana, na maji ya jana hanywi. Kwetu ndivyo tulivyofanya na fahali. Mimi ndiye niliyesahau, nikakaa na punda kama mtu anayekaa na duka."

Karisa akaweka spana chini. "Na mtoto?"

"Mtoto ni wako. Nimesema mbele ya watu."

"Watu gani?"

"Mbele ya Mama Sumayya. Huyu hasahau kitu."

Karisa akanitazama, na hapo ndipo mdomo wake ulipoanza kulegea. "Hilo ni kweli. Huyu mama alinikumbusha juzi mtungi niliouvunja kabla ya Sumayya kuzaliwa."

"Ulikuwa wa plastiki ya buluu," nikasema.

Tukacheka, hata mke wake aliyekuwa jikoni akatoka kuona. Karisa akamzunguka Meja, akainua mguu wa mbele, akatazama kwato, akatazama mguu wa nyuma. Mzee alikuwa anamtazama anavyotazama.

"Na mbuzi?" Karisa akauliza.

"Mbuzi abaki kwake."

"Mzee, huogopi? Watu wa ngozi wanapita hata huku."

"Naogopa," alisema mzee. "Utamfunga wapi?"

Karisa alitupeleka nyuma, kwenye banda la mabati alilowajengea punda wake, lenye mlango wa chuma uliokuwa mlango wa duka la mtu zamani. Mbwa wawili wamelala mbele yake. Ndani kulikuwa na mabua ya mpunga yamepangwa mpaka dari. Meja aliyaona kabla yetu. Alimpita jike bila hata kumnusa, akazamisha uso katika mabua.

"Angalia dume," alisema Karisa. "Amekuja kwa harusi, anaanza na pilau."

Mzee hakucheka. Alianza maelekezo. Asifungwe shingo, afungwe mguu. Asipewe mbegu za mathenge nyingi, zinaharibu meno. Sikio la kushoto hapendi liguswe. Akilia alfajiri ni kiu, akilia mchana ni upweke. Alisema, akarudi mwanzo, akasema tena, mpaka mke wa Karisa akamletea kigoda, na baada ya kigoda akamletea sahani ya wali na samaki wa mtoni, kwa sababu saa ya kula ilikuwa imefika na mgeni yuko uani. Akala.

Tuliporudi, pikapu ilikuwa imesimama njiani. Yule mtu alikuwa na kamba yake kweli, mpya, bado imefungwa kwa karatasi ya dukani.

"Mzee, punda yuko wapi?"

"Ameazimwa."

"Na nani?"

"Na watu."

"Nionyeshe, nitamnunua kwao."

"Si wao wenye kumuuza. Wao wanamlisha tu."

Mtu akageuka kwangu na uso wa tabasamu. "Mama, wewe ni jirani. Unajua alikokwenda?"

"Mimi ni mtu wa nyumbani," nikasema. "Sitoki."

Sumayya akainama kufunga kiatu ambacho hakikuwa na kamba. Yule mtu akakaa kidogo ndani ya gari, mashine inaunguruma, kisha akaenda zake. Niliishika namba ya gari kichwani na nikawapa vijana wote wa mikokoteni.

Usiku ule na usiku uliofuata sikupata usingizi mzuri, nikisikiliza mlio ambao haupo. Mzee naye sidhani kama alilala. Asubuhi alikuwa akiufagia ua ambao haukuwa na samadi, halafu akasimama na ufagio. Ukiacha hospitali, hajawahi maishani mwake kuamka mahali pasipo na mnyama. Nilitaka kumwita chai, nikaona afadhali nimwache. Baada ya muda akamsimamisha kijana wa boda, akaenda Minjila.

Alikwenda na kesho yake, na kesho kutwa. Karisa akapita kwangu kulalamika.

"Mama Sumayya, huyu mzee amenipa punda au amehamia? Nikiamka yuko mlangoni. Jana amemwambia mke wangu ndoo ya Meja ina harufu ya sabuni."

"Ina harufu?"

"Sasa haina. Ameiosha mara mbili mke wangu, na analalamika kwamba mzee asipofika mchana chakula kinabaki."

Jike wa Karisa alipoanza kumpiga Meja mateke, ndiyo ilikuwa kazi imeisha. Meja hakurudi nyumbani. Mwanatumu alikuwa ameshatangulia kumwomba, na baada ya Mwanatumu wapo wengine wa Ngao wanaosubiri. Mbavu hazionekani tena. Kila anakokwenda analishwa na mwenye jike, na mwenye ua hulala jicho moja, maana sasa ni aibu ya mtu Meja kupotelea kwake. Mimi nilisema mapema kwamba Subira akishazaa na akawa tayari tena, nami nataka zamu yangu, na kwa sababu najijua, fundi ameshanitengenezea lango lenye komeo mbili. Sumayya anasema bado mwaka mzima. Mwaka si kitu.

Mguu wa mzee unapona polepole. Hupanda boda asubuhi, au vijana wa maji humpakia kwenye mkokoteni bila kumwuliza, wanampeleka aliko Meja. Hukaa hapo, huchunguza kwato, hulalamikia maji. Na mtu akikaa uani kwako mpaka saa ya chakula, huli wewe ukamwacha. Kwa hiyo alipo Meja ndipo mzee anapokula mchana: samaki kwa Karisa, ndizi na maharage kwa Mwanatumu. Uso wake umeanza kujaa. Hakuna aliyemlipa, na yeye hakuomba.

Sijui kama ameligundua hilo. Mimi nimeligundua siku nyingi, na sijamwambia mtu.